Rafiki anayekimbilia kwenu usiku

Mdogo wangu, unasema shogako wa mtaa wa Langoni huja kwenu usiku, buibui juu ya nguo za kulalia, kila babake akianza kupiga, na amekuapisha usiseme. Kiapo hicho usikibebe peke yako. Ila mwambie yeye kwanza kwamba utamweleza mamako, asije akadhani umemsaliti. Lamu habari haifichiki, hivyo chagueni mtu mzima mmoja asiye na domo. Shogako akija, usimhoji, mpe chai, mtandikie. Kwa babake usiende kabisa, hata ukiwa na hasira. Na wakubwa wakisema “mambo ya nyumba ya watu”, pigeni 116, namba ya kusaidia watoto Kenya nzima. Ni bure, mchana na usiku.