Video za droni zinarukaruka kwenye majani ya vuli: kabla hujanunua nyingine, hesabu fremu

Mkuu mleta mada, umesema video zako za majani huko Vermont zinarukaruka kila ukizungusha droni, na wadau wameshakushauri ununue mpya. Shika hela yako kwanza. Mimi nipo New Hampshire, huu ni msimu wa nne narusha kwenye misitu ya White Mountain, na mwaka wa kwanza nilihangaika na tatizo hilihili. (Kwetu Tanga vuli ni mvua. Huku ni miti kuwaka rangi wiki mbili tatu, halafu majani yanapukutika. Ukikosea, tuonane mwakani.)

Kosa langu halikuwa angani, lilikuwa kwenye kompyuta. Nilirekodi fremu (picha moja moja zinazounda video) 30 kwa sekunde, nikahariri kwenye mradi wa fremu 24 kwa sababu jamaa mmoja aliniambia ndiyo inafanana na sinema. Usiku mmoja nikachukua klipu ya barabara ya Kancamagus, nikakazia macho mti mmoja mwekundu, nikasogeza fremu moja moja kwa kitufe cha mshale. Mti ukasogea hatua moja, moja, moja, kisha mbili. Tena moja, moja, moja, mbili. Programu ilikuwa inatupa fremu moja katika kila tano! Fanya jaribio hilo leo. Ukiona mruko wa aina hiyo, linganisha mradi na rekodi: 30 kwa 30. Ukitaka mwendo wa taratibu, rekodi 60, iweke kwenye 30 kwa nusu kasi, hakuna fremu inayopotea.

Kama hatua ni sawa na bado inarukaruka, angalia shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu. Jua likiwa kali, kamera ikijipangia yenyewe inaweza kwenda 1/1600 ya sekunde au kasi zaidi. Kila fremu inatoka kali kama picha ya mnato, na kwa maelfu ya majani yale jicho linaona mapigo badala ya mwendo. Shata iwe karibu mara mbili ya fremu, yaani 1/60 kwa fremu 30, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ibaki 100. Picha itaungua kwa mwanga, kwa hiyo unaivalisha lenzi filta ya ND, miwani ya jua ya kamera. Hesabu yake rahisi, namba ya filta ni mara ngapi inapunguza mwanga: 1600 gawanya kwa 32 unapata 50, jirani kabisa na 60, basi ND32. Kukiwa na mawingu mazito ND8 mara nyingi inanitosha.

Halafu mkono. Hapa wengi hawapendi kuambiwa, ila kuzungusha droni ikiwa imesimama palepale ndiko kunakoharibu video kuliko upepo. Punguza kasi ya mzunguko kwenye mipangilio, weka modi ya Cine (ya kuruka polepole), na kitu kichukue kama sekunde 7 kutoka ukingo mmoja wa skrini hadi mwingine. Mimi siku hizi sizungushi kabisa, naenda mbele au ubavu. Ukiwa karibu na vilele vya miti, mita 2 kwa sekunde zinatosha, maana kilicho karibu hukimbia zaidi machoni.

Bitireti (kiasi cha data kinachorekodiwa kila sekunde) weka ya juu kabisa uliyonayo, la sivyo majani yanageuka uji. Na kama laptopu yako ni ya zamani, huenda ndiyo inayokwama kusoma H.265 (mfumo wa kubana video) wakati video ni nzima. Icheze faili ileile kwenye simu nzuri uone, kisha tengeneza nakala nyepesi za kuhariria. Betri zikae mfuko wa ndani wa koti, asubuhi za Oktoba ni za baridi. Na usije ukaenda na droni Acadia, hifadhi ya taifa kule Maine; hifadhi za taifa za Marekani hawaruhusu droni.

Ukishahesabu fremu weka majibu hapa, pamoja na shata uliyotumia.