Foleni Ikae Kwenye Ruta Yako

Nilipokabidhiwa mtandao wa ofisi moja hapa Tabora mjini, niliamini kwamba malalamiko ya wafanyakazi yangekwisha siku tutakapoongeza kifurushi. Tuliongeza, tukalipa karibu mara mbili, na wiki iliyofuata mkuu wetu alikatika sauti katikati ya kikao cha simu ya intaneti na wenzake wa Dodoma. Alipouliza "mnanisikia?" kwa mara ya tatu, wao walikuwa wameshahamia ajenda nyingine.

Chanzo kilikuwa chumba cha pili, ambako mhasibu alikuwa akituma nakala za akiba za mahesabu. Kifurushi kipya kilikuwa kimeongeza kasi ya kupakua peke yake; kasi ya kupakia ilibaki megabiti 1 kwa sekunde, nasi hatukuuliza. Nilipima muda wa pakiti, yaani kipande kidogo cha data, kwenda na kurudi: mtandao ukiwa mtulivu nilipata milisekunde 40, lakini mhasibu akianza kutuma nilipata 1,900. Hesabu yake ni rahisi. Modemu, kifaa kinachotuunganisha na njia ya mtoa huduma, ikiwa na foleni ya pakiti iliyojaa kilobaiti 256 huwa imebeba takriban megabiti 2 (baiti moja ni biti 8), na kwa njia ya megabiti 1, pakiti iliyofika mwisho itasubiri kama sekunde mbili. Mazungumzo ya simu yanataka sauti ifike upande wa pili ndani ya milisekunde 150 hivi. Ikizidi sana hapo, watu huanza kuingiliana maneno.

Nikaandika sera ya ubora wa huduma, yaani kanuni za pakiti zipi zitangulie, kwenye ruta, kifaa kinachopitisha data kati ya kompyuta zetu na modemu: sauti itangulie, mengine yafuate. Haikubadilisha chochote, na nilipoteza siku mbili nikishuku ruta ni mbovu. Kosa lilikuwa langu. Ruta iliunganishwa na modemu kwa kebo ya megabiti 100, kwa hiyo kila pakiti iliyoingia ilitoka papo hapo, foleni ya ruta ikawa tupu muda wote, na sera ya kupanga foleni haina la kupanga pasipo foleni. Msongamano ulikuwa mbele, ndani ya modemu isiyojua sauti wala faili. Pale stesheni yetu ya reli, haisaidii kumtanguliza mama mwenye mtoto kwenye dirisha la tiketi ikiwa watu wanasukumana kwenye mlango wa behewa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukiusahau huu mengine yote ni kazi bure, ni kuibana ruta yako mwenyewe chini kidogo ya kasi halisi ya njia. Pima kasi ya kupakia saa ambazo ofisi za mjini zote zina kazi, usitegemee iliyoandikwa kwenye mkataba, kisha iweke ruta kwenye asilimia 90 hivi. Mimi niliweka kilobiti 900. Unapoteza kidogo, lakini foleni inahamia mahali ambapo amri yako inasikika.

Hapo ndipo kipaumbele kinapokuwa na maana, nacho kiwekewe kikomo. Daraja, yaani kundi la pakiti, linalotangulia bila kikomo linaweza kuwanyima wengine kabisa, ndiyo maana sauti niliipa theluthi moja tu, kilobiti 300, ambazo zinatosha simu tatu zinazotumia kilobiti 80 na kitu kila moja. Alama ya sauti, ambayo kwa kawaida ni namba 46 kati ya thamani 64 za DSCP (sehemu ya pakiti inayobeba alama ya kipaumbele), ibandikwe kwenye swichi, kifaa cha kuunganishia kebo za ofisini, iliyo karibu na simu, wala usiziamini alama zinazotoka kwenye kompyuta za watu: kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliipa michezo yake namba hiyohiyo, na kwa wiki nzima akawa anatangulia pamoja na mkuu. Ujue pia kwamba pakiti ikishatoka kwenda intaneti, mitandao ya mbele inaweza kuipuuza alama hiyo au kuifuta.

Ofisi ndogo isiyo na mtu wa kuandika madaraja haya itafute ruta yenye fq_codel, mbinu ya kupanga foleni yenyewe, ambayo hutenganisha kila mtiririko wa pakiti na kuanza kutupa pakiti pale kusubiri kunapozidi milisekunde 5 kwa muda, ili mtumaji apunguze mwendo. Hata hiyo inahitaji kubanwa kwanza kama nilivyoeleza.

Nilimwomba mhasibu atume tena huku napima, nikapata milisekunde 60. Yeye hakufurahi, kwani nakala zilizochukua dakika 40 sasa zilichukua saa nzima kila simu zilipokuwa hewani. Nimezihamishia saa mbili usiku, wakati ofisini amebaki mlinzi peke yake.