Shuka kwanza, kamera baadaye

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: unasafiri sana mashambani, unapenda miti na maua ya njiani, unapiga picha nyingi kwa simu ukiwa ndani ya gari, na ukifika unakuta zote ni fujo ya kijani isiyofanana na ulichokiona. Sasa unataka kujua ununue kamera gani na lenzi ipi. Jambo hili nalipenda sana na limenichukua miaka, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Kamera usinunue bado. Jifunze kushuka.

Kuna safari moja ya siku mbili niliyorudi nayo na picha zaidi ya mia nne. Zilizobaki baada ya kuchambua zilikuwa tatu, na zote tatu nilizipiga mahali pamoja, gari lilipopata pancha. Dereva alikuwa akihangaika na tairi, mimi nikavuka mtaro kuuendea mti uliokuwa karibu. Ulikuwa mgunga wa kawaida kabisa, wa aina niliyokuwa nimeipita mamia kwa mamia tangu asubuhi. Nikauzunguka. Upande wa barabarani ulionekana kama kichaka tu, lakini upande wa pili shina lilikuwa limepinda likagawanyika mara mbili, na gome lilikuwa na nyufa ndefu ambazo jua la jioni lilikuwa likiziingia kwa ubavu. Chini yake palikuwa na vimaua vya njano, vidogo kuliko ukucha, ambavyo kutoka dirishani nisingeviona hata kama ningepita kila siku. Nilikaa pale dakika ishirini hivi. Tangu siku ile napanga safari zangu kwa vituo: ikiwa mwendo ni wa saa sita, natenga saa nzima ya kusimama, na napendelea kusimama mara tatu kwa muda mrefu kuliko mara kumi kwa haraka.

Hesabu yenyewe inakukatalia kupiga picha ukiwa mwendoni. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 za barabara kila sekunde. Mwanga ukipungua, shata ya simu (mlango unaoruhusu mwanga kuingia) ikafunguka kwa 1/100 ya sekunde, gari limeshasogea sentimita 22 kabla picha haijakamilika. Ua lililo kando ya lami linageuka mstari. Mti ulio ng'ambo ya bonde unaweza kusalimika, kwa sababu kilicho mbali hupita polepole machoni. Kwa hiyo kama huna namna ya kusimama, labda uko kwenye basi au treni, achana na vya karibu. Lenga miti ya mbali, hasa ule unaosimama peke yake kwenye uwanda au mgongoni mwa kilima. Weka shata 1/1000 au kasi zaidi kama simu yako inaruhusu. Sogeza lenzi karibu na kioo bila kukigusa, maana kioo kinatetemeka, kisha zungushia kitambaa cheusi ili kuzuia sura yako na viti visionekane kwenye picha. Usiegemeze mkono dirishani. Acha mwili wako umeze mtikisiko. Hayo yanasaidia, lakini ni ya dharura.

Sasa umeshuka. Unasimama mbele ya mti uliokuvutia, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Jicho lina upendeleo: likipenda mti linauona mti huo na kusahau nguzo ya umeme, paa la bati, uzio na vichaka vya nyuma. Kamera haina upendeleo, inachukua vyote. Kijani mbele ya kijani hakionekani. Ndiyo maana kabla ya kupiga najiuliza ni kitu gani hasa kimenisimamisha. Ni umbo la matawi? Ni rangi? Ni upweke wa mti wenyewe? Nikishapata jibu, natafuta pa kusimama ili kitu hicho kibaki na vingine vyote viondoke. Kama ni umbo, nachuchumaa mpaka matawi yasimame dhidi ya anga. Kama ni rangi ya maua, natafuta kivuli kizito cha kuweka nyuma yake, kama ukingo wa msitu au mwamba wenye giza. Maua ya njano mbele ya kivuli yanawaka. Kama ni upweke, narudi nyuma, hata mita mia moja, na kuuacha mti uwe mdogo katikati ya nafasi kubwa. Hili la kurudi nyuma watu hulikwepa, ila linafanya kazi. Ukisimama chini ya mti mrefu ukainua simu, shina linaonekana kama linaanguka chali. Ukisimama mbali ukatumia lenzi ya mara mbili au tatu, mti unasimama wima, na vilima vya nyuma vinaonekana kuusogelea.

Jambo la pili kwa miti ni anga. Simu inapima mwanga wa picha nzima, inakutana na anga jeupe, inapunguza mwanga, na mti unakuwa mweusi. Gusa shina kwenye skrini, kisha ongeza mwanga kwa mkono. Anga likichomeka kabisa, basi kubali uchague moja: ama mti wenye majani na gome, ama kivuli cheusi cha umbo lake jua linapozama. Migunga yenye vichwa bapa na minazi inapendeza sana kwa kivuli. Mwembe wenye majani mazito, kwa maoni yangu, haufai; unageuka duara jeusi.

Saa za kupiga miti na saa za kupiga maua hazifanani, na jambo hili lilinichukua muda kulikubali. Mti unapenda jua la chini, asubuhi au jioni, linalopita kwa ubavu na kuchonga kila mkunjo wa gome. Ua linapenda wingu. Siku yenye mawingu mepesi anga zima linakuwa taa moja kubwa laini, vivuli vikali vinatoweka na rangi zinashiba. Jua la saa sita mchana linaharibu vyote viwili, na saa hizo ndizo ninazozitumia kusafiri. Lakini jani jembamba au petali nyembamba ni tofauti: nenda upande ambao jua liko nyuma yake, kinga lenzi kwa kiganja, na utaona mishipa yote imewaka kwa ndani.

Kuhusu maua nina mengi. Adui wa kwanza ni upepo. Ua linalocheza kidogo tu machoni linacheza sana kwenye picha ya karibu. Alfajiri hewa mara nyingi imetulia, na umande ungalipo, kwa hiyo ndiyo saa yangu. Mchana nakaa upande upepo unakotoka na kuukinga kwa mgongo, kisha nasubiri. Upepo unakuja kwa vipindi. Kati ya kipindi na kipindi kuna utulivu wa sekunde moja au mbili. Napiga picha tano mfululizo hapo hapo.

Adui wa pili ni fokasi. Ukisogea karibu sana, eneo linaloonekana kwa ukali linapungua mpaka kuwa milimita chache, na kwa lenzi za makro, zile za kupigia vitu vidogo kwa karibu, hata chini ya hapo. Lazima uamue ukali ukae wapi. Mimi nauweka kwenye stameni na stigma, vile vijiti vya uzazi vilivyo katikati ya ua, kwa sababu jicho la mtazamaji hukimbilia huko kama linavyokimbilia macho kwenye picha ya mtu. Ua likiwa bapa, kamera iwe sambamba nalo. Likiwa kama tarumbeta, usilipige usoni tu, lipige na kwa ubavu. Kwenye simu bonyeza na ushikilie skrini mpaka fokasi ifungwe, kisha usisogee. Kama simu inakataa kufokasi, umeikaribia mno: rudi nyuma kidogo na utumie zumu.

Adui wa tatu ni rangi nyekundu. Utapiga kibonge cha ua jekundu na kupata doa jekundu lisilo na petali hata moja. Kamera imejaza chaneli ya nyekundu, yaani sehemu inayorekodi rangi hiyo, mpaka ikafurika, na mikunjo yote imepotea humo. Punguza mwanga hatua moja, yaani kwa nusu, hata kama skrini inaonekana giza. Maelezo utayapata baadaye unapohariri. Maua meupe nayo yanataka hivyo hivyo. Zambarau ina tabia nyingine: kamera nyingi huielekeza kwenye buluu, kwa hiyo mjakaranda uliochanua unaweza kutoka na rangi ambayo hukuiona. Hapo tazama ua lenyewe vizuri kabla hujaondoka ili uikumbuke rangi yake, kisha uirekebishe. Na ukiwa chini ya miti, usiache simu iamue joto la rangi (mizani ya weupe) peke yake, kwa sababu kila kitu pale kimepakwa kijani cha majani.

Halafu kuna saa za mimea yenyewe. Ua la mbuyu hufunguka jioni giza linapoingia, jeupe, kubwa, linaning'inia kichwa chini likiwangoja popo, na kesho yake linanyauka. Ukipita mchana utaona yaliyoanguka chini na kudhani mti hauchanui vizuri. Yungiyungi wengi wa mchana hujifunga alasiri. Alizeti changa hufuata jua, lakini ikikomaa husimama ikitazama mashariki, kwa hiyo shamba la alizeti lililoiva ukilifikia jioni ukiwa upande wa mashariki, nyuso zote zinakutazama zikiwa kivulini. Nilisafiri mbali kwa ajili ya shamba la namna hiyo nikafika saa kumi na moja jioni. Nilipata migongo iliyowaka na nyuso zenye giza. Nililala jirani nikarudi alfajiri, na ile picha ya asubuhi ndiyo iliyo ukutani kwangu mpaka leo.

Mkuu, umetaja kwamba simu yako haina megapikseli nyingi. Nikupe mfano wa Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyezaliwa 1865. Alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa sanaa Berlin, na kwa miaka zaidi ya thelathini alipiga picha mimea aliyoiokota kandokando ya barabara na reli, magugu tu, kwa kamera aliyojitengenezea mwenyewe, akiikuza mpaka mara 30. Mandharinyuma yake yalikuwa karatasi isiyo na pambo. Umaarufu ulimfikia 1928, ameshavuka miaka 60. Ukitazama chipukizi zake za majani, unaona chuma kilichofuliwa na nguzo za majengo ya kale. Aliyaona hayo kwa sababu hakuharakisha.

Kitu pekee ninachoweza kukushauri ununue mapema ni kichujio cha polaraiza. Vipo hata vya kubana kwenye simu. Majani mengi yana nta inayorudisha mwanga wa anga na kuyafanya yaonekane meupe meupe. Zungusha kichujio taratibu na utaona mng'ao ukiondoka na kijani chenyewe kikitokea, hasa baada ya mvua. Kinapunguza mwanga hatua moja hadi mbili, kwa hiyo mkono utulie. Ila usikitumie kupitia vioo vya gari vya pembeni, maana vitatoa madoa ya upinde wa mvua.

Usalama. Gari lisimame mbali na kona, nje ya lami kabisa. Tazama unapokanyaga, na unachoshika. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni ni hatari kwelikweli, na upupu utakufanya usahau picha zote. Shamba la mtu ni shamba la mtu hata kama halina uzio: salimia, omba ruhusa. Mara nyingi mwenye shamba ndiye atakayekwambia mti mzuri zaidi uko wapi na unaitwaje. Usichume ua ili upate mandhari safi, na usikanyage machipukizi kumi ili upate moja. Ukikutana na okidi adimu, zima taarifa za mahali kwenye simu kabla ya kuiweka picha hadharani. Wapo wanaozifuata kwa majembe.

Ombi langu moja: baada ya picha ya uzuri, piga na picha za utambulisho. Mti mzima, gome kwa karibu, jani juu na chini, jinsi majani yalivyopangwa kwenye kitawi kama yanatazamana au yanapishana, ua kwa mbele na kwa nyuma, tunda kama lipo, na kiganja chako pembeni kuonyesha ukubwa. Kazi yote ni dakika mbili. Zipeleke iNaturalist, mradi wa mtandaoni wa kutambua viumbe ulioanza 2008, ambako wajuzi wa mimea husaidia kutambua. Nina picha nzuri sana ya mti mmoja wenye maua meupe ambao mpaka leo siujui jina, kwa sababu nilipiga maua peke yake. Inaniuma kila nikiitazama.

Fanya hivi kwa msimu mmoja, mvua mpaka kiangazi, kwa simu uliyo nayo. Kisha fungua picha ulizozipenda na uangalie zimeelekea wapi. Kama nyingi ni maua ya karibu, lenzi yako ni makro ya milimita 90 au 100, kwa sababu inakuacha usimame mbali kidogo bila kulitia ua kivuli. Kama nyingi ni miti, tafuta zumu ya milimita 70 mpaka 200, na tripodi nyepesi kwa ajili ya zile dakika chache kabla jua halijachomoza.