Alfa imetoka 0.41. Nifute kauli?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika hospitali moja hapa Nairobi na nasomea shahada ya uzamili. Napima mitazamo ya wauguzi kuhusu wagonjwa wazee kwa kipimo cha UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) chenye kauli 14, kila moja ikijibiwa kwa alama 1 hadi 5. Katika majaribio ya awali na wauguzi 30, alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha jinsi majibu ya kauli zote yanavyokwenda pamoja (ikikaribia 1 ndiyo bora), ilitoka 0.41. Msimamizi wangu anasema nifute kauli zinazoishusha mpaka ifike 0.70. Ni sawa? (Sista, Embakasi)

JIBU: Usifute chochote kwanza, sista. Fungua data uangalie kama uligeuza alama. Kipimo hicho, ambacho Reuben na wenzake walikichapisha mwaka 1998, kina kauli 5 zinazowaelekea wazee kwa wema na 9 zinazowalaumu. Kwenye hizo za lawama, 1 huwa 5, 2 huwa 4, na kinyume chake, ndipo ujumlishe. Kama hukugeuza, utaona haraka: katika jedwali la uhusiano wa kila kauli na jumla ya nyingine, zile 5 za wema huwa zinatoka hasi kwa pamoja. Geuza, kokotoa upya, na huenda kesi ikaishia hapo.

Ikiwa ulishageuza, pitia kauli moja moja. Kuna inayouliza kama serikali ya shirikisho ihamishe pesa za Medicare ziende kwa utafiti wa Ukimwi au magonjwa ya watoto. Medicare ni bima ya Wamarekani, hasa waliotimiza miaka 65. Muuguzi wa Embakasi akifika hapo anabahatisha tu, na majibu ya kubahatisha hushusha alfa.

Inayonitia wasiwasi zaidi ni ile isemayo wazee hawatoi mchango wao wa haki katika kulipia matibabu yao, kwa sababu kila mtu ataielewa. Kwetu, shosho akilazwa, bili ni ya watoto na wajukuu: kuna kikundi cha WhatsApp, kuna mweka hazina, na orodha ya waliotuma M-Pesa inawekwa kila jioni. Muuguzi aliyeshuhudia hayo wiki nzima akitia alama kwenye "nakubali", hajamdharau mtu. Amesema tu nani analipa. Mwenzake wa zamu anaweza kuchagua jibu hilohilo kwa dharau kabisa. SPSS, programu ya takwimu, haiwezi kukutenganishia hao wawili. Keti na wauguzi watano au sita, kila mmoja kivyake, wasome kauli kwa sauti, wakueleze wameelewa nini na kwa nini wamejibu hivyo. Kazi hiyo ya alasiri mbili ina faida kuliko kufuta.

Kuhusu 0.70, ni desturi tu, ingawa wasimamizi wengine huishika kama amri ya Musa. Na kwa watu 30, alfa huyumba sana. Chukua 30 wengine uone. Ukifuta mpaka namba ipendeze, utakuwa umebuni kipimo chako na kukiita cha UCLA. Ile ya Medicare unaweza kuiondoa kwa sababu ya maana yake, mradi useme hivyo kwenye tasnifu na usilinganishe jumla yako na za Marekani.

Halafu, nani alikusanya fomu? Ikiwa ni mkuu wa wodi, wote watawapenda wazee, majibu yatafanana, na hilo nalo hushusha alfa. Tumia sanduku lililofungwa, bila majina. Juu ya fomu eleza mzee ni nani: Katiba yetu, kifungu cha 260, inasema ni aliyezidi miaka 60. Usipoeleza, mmoja atamfikiria baba wa miaka 61 aliyejiendeshea gari hadi kliniki, mwingine amfikirie nyanya wa miaka 90 anayegeuzwa kitandani kila saa mbili.

Ukigusa kauli yoyote, rudisha hojaji kwa kamati ya maadili kabla ya kuingia wodini tena. Kibali ulicho nacho ni cha ile ya kwanza.