Majibu safi, mgonjwa bado anaumwa

Mleta uzi, umesema dada yako ana miaka mitatu anaumwa kichwa, tumbo, moyo kwenda mbio. Vipimo vyote safi, na kila daktari anamwambia "huna ugonjwa". Ukauliza sisi wa kliniki za mwanzo tungeweza kufanya nini zaidi. Nimekaa chumba cha daktari muda mrefu, na kauli hiyo nimeitoa mwenyewe mara nyingi.

Kuna mama mmoja nilimsomea majibu yake kwa furaha kabisa. Nikamwambia, mama, shukuru, hakuna kitu. Akanitazama. "Kwa hiyo daktari, naigiza?" Akakunja karatasi zake akaondoka. Aliporudi baada ya miezi sita alikuwa na picha mbili mpya na mfuko wa dawa alizopewa na watu wanne tofauti.

Na wala dada yako si kituko. Mwaka 1989 watafiti Kroenke na Mangelsdorff walifuatilia dalili 14 za kawaida kwa wagonjwa wa kliniki moja Marekani. Chanzo cha kimwili kilithibitika kwa asilimia 16 tu ya malalamiko. Yaani hii ndiyo kazi yetu ya kila siku, ila shuleni tulifundishwa kama vile ni bahati mbaya.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni tarehe ya kurudi. Mama yule nilimpangia kila baada ya wiki nne, aumwe asiumwe. Wenzangu walicheka, wakaniambia nimejitwisha mzigo. Lakini fikiria: kama mlango unafunguka pale tu unapozidiwa, utazidiwa. Mtafiti Smith na wenzake mwaka 1986 waliwatumia madaktari wa wagonjwa wa aina hii barua ya ushauri: mwone kwa ratiba, mpime kwa mikono kila anapokuja, usikimbilie vipimo bila sababu, usimwambie ni mawazo yake. Gharama zilishuka kwa asilimia 53, na hali za wagonjwa hazikuzorota. Barua tu, jamani!

La pili ni maelezo. "Huna kitu" si maelezo. Mimi humwambia mgonjwa kwamba mishipa ya fahamu ni kama mbwa wa ulinzi aliyewahi kuvamiwa: sasa hata jani likidondoka anabweka. Kubweka ni kwa kweli, unakusikia, usiku hulali. Kazi yetu ni kumtuliza mbwa, tusiishie kumtafuta mwizi. Baadhi hukataa, na sibishani nao. Narudia mwezi ujao kwa maneno mengine.

Sonona na wasiwasi nauliza mapema, siku ile ile ninapouliza habari za tumbo. Ukisubiri mpaka vipimo viishe ndipo uulize, mgonjwa anasikia umemwita kichaa. Na dalili mpya (kupungua uzito, damu, homa, ganzi ya upande mmoja) napima bila mjadala. Faili nene si kinga ya saratani.

Mama yule bado anaumwa tumbo. Dawa zimebaki mbili, na amerudi kwenye biashara yake.

Dada yako achague daktari mmoja, ampelekee faili lote, na asitoke chumbani kabla hajapewa tarehe ya kurudi. Akijibiwa "rudi ukizidiwa", atafute mwingine.