Maswali ya Wasomaji: Antena nane juu ya mcheduara

SWALI: Nasanifu safu ya antena bapa 8 za GHz 2.4 juu ya mcheduara wenye nusukipenyo cha mm 250. Nimezoea kuzidisha umbo la mnururisho la antena moja (jinsi nguvu yake inavyosambaa kila upande) kwa kipengele cha safu (hesabu ya jinsi mawimbi ya antena zote yanavyojumlishwa). Hapa hesabu haikubaliani na vipimo: mwale mkuu umetanuka, matawi ya pembeni (miale midogo ya kando) yamepanda. Tatizo ni nini?

JIBU: Ni huko kuzidisha. Njia hiyo inafaa pale tu antena zote zinapotazama upande mmoja. Juu ya mcheduara kila antena inatazama kwake, kwa hiyo zungusha umbo la kila moja kulingana na pembe yake, kisha jumlisha michango yote, ukubwa pamoja na awamu (mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake).

Halafu kuna kina. Urefu wa wimbi ni mm 125. Ukiziachanisha kwa mm 62.5 juu ya tao, kila hatua ni nyuzi 14.3, na za mwisho zinakaa nyuzi 50.1 kutoka katikati. Kina cha kila antena nyuma ya kilele ni R(1 − cos φ), R ikiwa nusukipenyo na φ pembe ya antena kutoka katikati: kuanzia katikati kwenda nje, mm 1.95, 17.4, 47.3 na 89.8. Kwa awamu ni nyuzi 5.6, 50, 136 na 258, na antena husika lazima itangulizwe kiasi hicho. Bila hivyo mwale utatanuka kama ulivyoona. Ukitaka kuupeleka pembe φ₀, kokotoa upya kwa cos(φ₀ − φₙ), φₙ ikiwa pembe ya kila antena. Kuongeza hatua sawa za awamu hakutoshi.

Za pembeni pia hazichangii sana mbele. Umbo likifuata kosaini, ile ya nyuzi 50 imeshapungua desibeli 3.9.

Katika programu ya uigaji, angalia mcheduara umechorwaje. Ukiwa na pande bapa 24, katikati ya kila upande panazama mm 2.1, zaidi ya unene wa bodi ya mm 1.6, na antena inaweza kugusana na shaba ya chini. Pande 72 hupunguza kosa hadi mm 0.24, mviringo halisi ni bora zaidi.

Mwisho, iga zote nane pamoja: washa moja, saba zifungwe kwa kizuizi cha omu 50, urudie kwa kila moja. Kwa nusukipenyo cha urefu wa mawimbi mawili tu, umbo lililopatikana kwenye bamba bapa silo la kuaminiwa. Kama malisho (sehemu za kuingizia mawimbi kwenye antena) yamepangwa kwa ulinganifu, antena ya 1 na ya 8 lazima zitoe maumbo yanayoakisiana; yasipoakisiana, rekebisha modeli kabla ya kugusa awamu.