Bakteria akishaingia ndani ya seli
Dada, umeuliza kama seli za kawaida, zisizo chembe nyeupe za damu, husubiri tu antibiotiki. Hapana, zenyewe zinapigana! Chukua tifoidi inayotusumbua hapa Goma: bakteria wake, Salmonella, huingia ndani ya seli na kujificha kwenye kifuko. Akitoka humo, seli humbandika alama ya protini iitwayo ubikwitini, humfunika kwa utando, kisha humpeleka kwenye lisosomu, yaani kifuko cha seli cha kumeng'enya takataka, akameng'enywe. Mwili ukitoa intaferoni-gama, yaani ishara ya kuamsha kinga, protini ya seli iitwayo GBP1 humvamia na kutoboa ganda la nje, halafu protini nyingine, APOL3, huyeyusha utando wa ndani kama sabuni na mafuta. Kazi hiyo ya APOL3 ilitangazwa 2021, na mimi inanishangaza mpaka leo. Bakteria wa kipindupindu hubaki utumboni, nje ya seli, kwa hiyo silaha hizi hazimfikii.